Ua Litazame, Liache Lilipo

Msikilizaji, mvua zimenyesha, na uwanda wa Hifadhi ya Kitulo, kule Nyanda za Juu Kusini za Tanzania, umechanua maua, zikiwemo okidi. Wenyeji huuita Bustani ya Mungu. Ukienda kutembea, kumbuka jambo moja: ua litazame, liache lilipo.

Kwa nini? Kiangazi kikifika, okidi nyingi za Kitulo hunyauka majani. Lakini kiazi cha kila okidi hubaki hai chini ya udongo. Mvua zikirudi, kiazi hicho ndicho huchipua tena. Ukikichimba, mwakani pale hapatachanua kitu. Na viazi hivyo huchimbwa sana kwa ajili ya chikanda, chakula kinachopendwa nchini Zambia.

Basi, fanya hivi. Pita kwenye njia iliyopo, kwa sababu udongo uliolowa huharibika upesi ukikanyagwa. Piga picha, usichume. Takataka zako, rudi nazo. Vaa nguo nzito, kule juu baridi ni kali. Na ukiona mtu anachimba okidi hifadhini, mwarifu askari wa hifadhi mara moja.

Tunarudia, msikilizaji: ua litazame, liache lilipo. Wanao nao wana haki ya kuliona.