Mazungumzo ya Katibu wa Tawi: Mambo ya Watoto Hayamalizwi kwa Mbuzi

Ndugu wanaushirika, ndugu wanakijiji, na ninyi wa darasa la kisomo. Haya tuliyasema ghalani siku ya kupima mazao. Tunayaandika kwa sababu wengi mlikuwa kwenye foleni ya mizani, hamkusikia. Anayejua kusoma amsomee mwenzake.

Tuzungumze bila kufichana. Mtoto akiharibiwa, habari huanza kwa minong'ono kisimani. Kisha wazee wa pande mbili wanakaa chini ya mwembe, analetwa mbuzi, zinatolewa na shilingi kidogo, watu wanashikana mikono. Eti yamekwisha. Yamekwisha kwa nani? Mtoto hakuulizwa. Mbuzi kaliwa na watu wazima. Na yule bwana kesho anapita njia ileile ya kisimani, maana bei amekwisha kuijua.

Msiseme haya ni ya mjini. Mwaka 2009 ulifanyika uchunguzi wa nchi nzima, wakaulizwa vijana wa miaka 13 hadi 24. Karibu wasichana 3 katika kila 10 walisema walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Wavulana, kiasi cha 1 katika 7. Naam, na wavulana! Wale tunaowatuma kulala shamba kufukuza nguruwe nao ni watoto. Na katika waliotajwa sana kufanya uovu huo, jirani yumo.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, na mwanajamii yeyote mwenye habari kwamba haki za mtoto zinavunjwa ana wajibu wa kuitoa taarifa kwa serikali ya mahali pale. Haikusema mzazi peke yake. Mtu mzima aliyebaka anafungwa si chini ya miaka 30, na kama mtoto yuko chini ya miaka 10, kifungo ni cha maisha. Mbuzi hakutajwa popote.

Sasa akina mama, hebu sikilizeni hapa vizuri. Likitokea, mkono unakwenda kwenye maji: kumwogesha mtoto, kufua nguo. Ni huruma, tunaelewa. Lakini msimwogeshe, na nguo msifue. Zitieni katika mfuko wa karatasi, si wa nailoni. Mpelekeni kituo cha afya au hospitali siku hiyohiyo, kwa kuwa dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI lazima zianze kabla ya saa 72 kupita. Hizo ni siku tatu tu, na vikao vya chini ya mwembe huchukua wiki. Fomu ya PF3 hutolewa polisi. Penye Dawati la Jinsia na Watoto, ulizieni hapo.

Mtoto akikataa ghafla kutumwa kwa fulani, msimchape. Mkae naye, mmuulize taratibu, na akisema msimkatize.

Kuhusu karatasi za suluhu: ofisi ya tawi haitaziandika wala kuzishuhudia, awe mkosaji ni mwanachama, awe ni kiongozi, awe ni mjomba wa mtu. Waliokuja kuomba mhuri wameshajibiwa.

Anayeona haya kuja ofisini apige simu namba 116. Haina malipo, na mtoto mwenyewe anaweza kupiga.

Katibu wa Chama, Tawi