KUMBUKUMBU ZA WATU ZISITEGEMEE KUMBUKUMBU YA MTU MMOJA



Katika ofisi nyingi za umma hivi leo jalada la karatasi limekwisha kuipisha kompyuta. Mishahara, leseni, kodi na matokeo ya mitihani huhifadhiwa katika seva, na husafiri mtandaoni kutoka ofisi moja hadi nyingine. Mabadiliko hayo kila mtu anayaona. Lisiloonekana ni kazi inayoendelea nyuma ya mitambo hiyo usiku na mchana: kuziba nyufa za programu, kuhuisha hati zinazokaribia kwisha muda, kufunga akaunti za watumishi waliohama au kustaafu, kutunza nakala za akiba. Ikitazamwa moja moja, kazi hiyo si ngumu. Ugumu wake ni kwamba haina mwisho, na anayeisahau sehemu yake mojawapo aghalabu hajui kwamba amesahau.

Mkasa wa kampuni ya Equifax, yenye makao makuu Atlanta nchini Marekani, unafaa kuangaliwa kwa makini. Kampuni hiyo hukusanya habari za madeni na malipo ya watu, na mabenki huzitazama kabla ya kutoa mikopo. Tarehe 7 Machi, 2017, watengenezaji wa Apache Struts, programu iliyotumiwa na Equifax, walitangaza kwamba ina ufa wa hatari, na wakatoa kiraka cha kuuziba. Siku ya pili yake serikali ya Marekani ilitoa tahadhari. Tarehe 9 Machi Equifax yenyewe iliwaandikia watu wake zaidi ya 400, ikiagiza kiraka hicho kiwekwe kabla ya saa 48 kupita.

Hadi hapo mtu angeweza kusema kwamba kazi imefanyika. Waraka umetoka, muda umetajwa, nakala zimegawiwa. Kila aliyepata kufanya kazi katika masijala anaijua faraja ya namna hiyo. Kumbe orodha ya wapokeaji ilikuwa ya zamani, na waliopaswa kukiweka kiraka hawakuupata waraka. Tarehe 15 Machi ulifanyika ukaguzi wa kuutafuta ufa, haukuona kitu. Mtambo wa kupokea malalamiko ya wateja, uliokuwa wazi katika intaneti, ukabaki na ufa wake.

Wezi waliingia tarehe 13 Mei. Ndani walikuta maneno ya siri yamehifadhiwa waziwazi, wakayatumia kuzifikia hazina nyingine 48 za taarifa. Equifax ilikuwa na chombo cha kukagua mawasiliano yanayoingia na kutoka, lakini chombo hicho kilihitaji hati ya utambulisho iliyo hai ili kiweze kuyasoma mawasiliano yaliyofumbwa. Hati hiyo ilikuwa imekwisha muda wake miezi mingi kabla, na hakuna aliyeihuisha. Chombo hakikuzimika wala hakikupiga kelele. Kiliyaacha mawasiliano yapite bila kukaguliwa, mithili ya mlinzi aliyesinzia na lango li wazi. Hati mpya ilipowekwa tarehe 29 Julai, wizi ulionekana. Lakini habari za watu wapatao milioni 147 zilikuwa zimekwisha kuchukuliwa. Mwaka 2019 kampuni ilikubali kulipa si pungufu ya dola milioni 575.

Richard Smith, aliyekuwa mkuu wa kampuni, alihojiwa katika Bunge la Marekani mwezi Oktoba 2017, akiwa amekwisha kuondoka kazini. Alieleza kwamba mtu mmoja aliyepaswa kupeleka taarifa za kiraka hakuzipeleka. Maelezo hayo, hata yakiwa kweli tupu, yanaishitaki kampuni kuliko yanavyomshitaki mtumishi. Habari za mamilioni ya watu ziliwekwa chini ya kumbukumbu ya mtu mmoja!

Ndiyo sababu wataalamu huzikabidhi kazi za kujirudia kwa mitambo yenyewe. Mtambo hupita kila saa kuhesabu seva zote na programu zilizomo, kama mwalimu anavyoita majina asubuhi, kisha huweka kiraka panapohitajika na kuonyesha ni seva ipi haijakipata. Katika hati za utambulisho jambo hili sasa halina hiari. Mwezi Aprili 2025 jukwaa la watoaji wa hati na watengenezaji wa programu za kuperuzi lilipitisha kwamba ifikapo tarehe 15 Machi, 2029, hati ya tovuti isidumu zaidi ya siku 47. Ofisi yenye hati 200 itakayotaka kuzihuisha kwa mkono itamwajiri mtu asiye na kazi nyingine.

Liko na suala la sheria. Hapa Tanzania Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei, 2023, inamtaka anayetunza taarifa za watu azilinde. Mkaguzi akiuliza, jibu la kwamba kazi hufanyika kila mara halimtoshi. Mtambo uliopangwa vizuri huandika wenyewe nini kilibadilishwa, lini, na kwa idhini ya nani, wala hauandiki usiku wa kuamkia ukaguzi.

Hata hivyo mtambo hutii agizo baya kwa bidii ileile. Tarehe 4 Oktoba, 2021, agizo lililotolewa wakati wa matengenezo ya kawaida lilikata njia kuu za mtandao wa Facebook duniani kote. Programu iliyowekwa kuzuia maagizo ya aina hiyo ilikuwa na kasoro, ikaliachia. Hapo seva zinazotangaza anwani za kampuni, zilipoona haziwezi kuwasiliana na vituo vikuu, zikajiondoa zenyewe katika intaneti, kama zilivyopangwa. Facebook, Instagram na WhatsApp zilitoweka kwa saa zipatazo sita. Vifaa vya kutengenezea hitilafu navyo vilitegemea mtandao uleule, kwa hiyo mafundi walilazimika kwenda vituoni kwa miguu yao na kupita milango iliyojengwa makusudi isipitike kwa urahisi.

Kwa hiyo agizo lijaribiwe kwanza katika mitambo michache, lipitiwe na mtu wa pili asiyelitunga, na iwepo njia ya kuingilia isiyotegemea mtandao wenyewe. Ofisi inayoanza sasa haihitaji kununua mtambo wa gharama. Ianze kwa kuorodhesha seva zake, hati zake pamoja na tarehe za mwisho, na majina ya wahusika wa leo, siyo wa mwaka juzi. Orodha hiyo ikishakamilika, ndipo ikabidhiwe mtambo uitunze.