Ujira wa Anayemuuguza Asiyejiweza



Kila askari afahamu kwamba majeruhi haachwi uwanjani. Yupo wa kumbeba kwa machela na yupo wa kumfunga jeraha, na wote wawili wamo katika daftari la mishahara. Lakini majeruhi huyo akisharudishwa kwake Nakawa au Kawempe, miguu imekufa, kazi ya kumwogesha, kumlisha na kumgeuza kitandani humwangukia mke, binti, au mtumishi aliyeletwa kutoka kijijini. Huyo hamo katika daftari lolote.

Hata Mulago, hospitali kuu ya taifa, mgonjwa huja na mtu wake wa kumhudumia. Desturi hiyo ni ya utu, nayo yastahili heshima. Walakini utu haulipi kodi ya chumba, wala haumrudishii binti masomo aliyoyaacha.

Sheria nayo haijamsaidia. Kima cha chini cha mshahara, shilingi 6,000 kwa mwezi, kiliwekwa mwaka 1984. Mwaka 1987 sarafu ilibadilishwa, shilingi 100 za zamani zikawa shilingi 1 mpya. Kima hicho kikabaki jina tu. Februari 2019 Bunge lilipitisha muswada wa kima cha chini, lakini Rais hakuutia saini.

Kwa upande wa fedha za umma, mpango wa ruzuku ya wazee ulianza mwaka 2011 katika wilaya chache, na mwaka 2020 ukaenezwa nchi nzima kwa wenye umri wa miaka 80 na zaidi, kwa shilingi 25,000 kwa mwezi. Ni hatua njema. Lakini fedha hizo, ambazo hazifiki shilingi 850 kwa siku, ni za sabuni na chakula cha mzee mwenyewe. Fungu la anayemnyanyua halimo.

Mtu aweza kuuliza: sheria ikilazimisha mshahara, konstebo ambaye baba yake amepooza atautoa wapi? Swali hilo ni la haki, na ndilo kiini cha jambo lenyewe. Nchini Marekani, kanuni ya mwaka 2013 iliwaingiza wauguzaji wengi wa nyumbani katika kima cha chini. Lakini sehemu kubwa ya malipo yao hutoka katika hazina ya umma, na kila jimbo hupanga kiwango chake. Kiwango kikiwa duni, mwajiri hana cha kuongeza, na mgonjwa hukosa mtu.

Kwa hiyo mambo mawili hayana budi kwenda pamoja: mshahara wa halali, na fungu la Serikali kwa nyumba zisizoweza kuulipa. Njia ya kuwafikishia wazee fedha imekwisha kufunguliwa. Muuguzaji naye yafaa apitishiwe chake humo. Lindo la kitandani halina zamu ya kubadilishana, na anayelishika usiku kucha astahili posho kama mlinzi mwingine yeyote.