TAA ZA BARABARANI HUGAWAJE ZAMU?

Maneno yaliyosemwa na mwenzetu, mtumishi wa Serikali, mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa



Nimeombwa nizungumze jambo litakalowafaa wanaosoma hesabu na fizikia. Nimechagua taa za kuongozea magari. Wengi wetu hukutana nazo Dar es Salaam, tukanung'unika, tukapita. Wachache hujiuliza: taa inajuaje kwamba sasa ni zamu ya nani?

Tuchukue njia panda ya Segera, ambayo kila mtu wa Handeni na Korogwe anaijua. Magari hutoka pande tatu: Chalinze, Korogwe na Tanga. Tuseme tunataka kuweka taa pale. Kazi ya kwanza ni kuandika jedwali la migongano, yaani nani na nani hawawezi kupita pamoja. Atokaye Chalinze kwenda Korogwe na atokaye Korogwe kwenda Chalinze hupishana salama. Hao waweza kupewa zamu moja. Lakini watokao Tanga na Korogwe, wote wakielekea Chalinze, wanaingia barabara moja. Hapana budi wasubiriane. Wazee wetu waliijua kanuni hii kwa reli ya Tanga, iliyofika Korogwe mwaka 1902. Njia ni moja. Treni mbili zikielekeana, moja husubiri stesheni.

Jedwali hilo huwekwa ndani ya mtambo, katika kabati la chuma kando ya barabara. Mtambo haupewi ruhusa ya kulivunja hata mara moja.

Kazi ya pili ni kupokea maombi. Taa nyingine hufuata saa tu, pawe na gari pasiwe na gari. Zilizo bora zina waya uliozungushwa chini ya lami. Gari likisimama juu yake, chuma chake hubadilisha hali ya umeme katika waya, na mtambo huandika: upande wa Tanga unaomba.

Sasa tufike kwenye uamuzi wenyewe. Zamu ikianza, hupewa muda wa chini, mathalani sekunde 7, ili dereva asiwashiwe na kuzimiwa papo hapo. Kila gari linalofuata huongeza sekunde chache. Likitokea pengo, zamu hukoma. Kama magari hayakatiki, kuna ukomo, tuseme sekunde 40. Ukomo huo huanza kuhesabiwa pale upande mwingine unapoomba. Kama hakuna aombaye, kijani hubaki palepale. Zamu ikikatwa na ukomo, waliobaki huandikiwa ombi jipya, wasisahauliwe. Kisha mtambo hutazama zamu zinazofuata kwa mpangilio, huruka isiyo na ombi, na husimama kwenye ya kwanza iliyo nalo.

Vijana watauliza: kwa nini zamu zisiwe fupi sana, kila mtu apite upesi? Pigeni hesabu. Kila badiliko hupoteza kama sekunde 5, za njano na za kusubiri njia iwe tupu. Zamu tatu hupoteza sekunde 15. Mzunguko ukiwa wa sekunde 30, nusu nzima imekwenda bure. Zikiwa ndefu mno nako, foleni ya upande mwingine hurudi nyuma mpaka ikaziba njia panda nyingine. Askari wa trafiki anayeongoza kwa mkono huona gari la wagonjwa na lori lililoharibika, mambo ambayo waya hauyaoni. Lakini akiruhusu upande mmoja kwa muda mrefu, hana kitu cha kumhesabia sekunde za wale wasioonekana alipo.

Ndugu zangu, hapa ndipo nilipotaka kufika. Waya ule huona chuma. Haumwoni mtoto wa shule anayetaka kuvuka, wala mama mwenye mzigo wa kuni kichwani. Wao huonekana tu kama wamewekewa kifungo cha kubonyeza, au zamu yao imeandikwa tangu mwanzo. Na zamu yenyewe iwatoshe. Wahandisi wengi huhesabu mwendo wa mita 1.2 kwa sekunde. Barabara ya mita 12 yataka sekunde 10. Mzee aendaye mita 0.8 kwa sekunde ataka 15. Anayemhesabia 10 amemwacha katikati ya barabara.

Kwa hiyo tusiseme mashine ndiyo iliyoamua. Mashine hutii. Aliyeamua ni mtu aliyekaa mezani akaandika nani ana haki ya kuomba. Nasi tulio katika utumishi wa umma huandika majedwali ya namna hiyo kila siku, hata mahali pasipo na taa.

Wanafunzi, nawaachia kazi. Pamoja na mwalimu wenu, simameni mahali salama karibu na njia panda moja ya Korogwe, hesabuni wanaopita kila upande kwa dakika 15, kisha mpange zamu. Mtakaponionyesha jedwali lenye magari peke yake, nitawauliza: waenda kwa miguu wako wapi?