Ushuru wa Bidhaa na Chakula cha Mnyonge
(Maneno yaliyosemwa mbele ya baraza ya wazee na waalimu)



Tumeombwa kusema habari ya ushuru unaotozwa juu ya vitu vinavyouzwa madukani, kwamba je, yafaa unga, mkate na chumvi visitozwe? Sisi twaona yafaa; lakini jambo hili lina taabu zake.

Ushuru huu si kama kodi ya kichwa waliyolipa babu zetu, ambayo mtu aliitwa akaitoa mkononi. Huu hujificha ndani ya bei, hata mtoto aliyetumwa chumvi huulipa. Na chumvi ailayo tajiri haizidi sana ile ailayo maskini. Ndiyo maana Bwana Gandhi, alipotaka kushindana na Serikali ya Kiingereza katika Uhindi mwaka 1930, alichagua ushuru wa chumvi, akaenda kwa miguu kadiri ya maili 240 mpaka pwani ya Dandi. Ushuru ule uliondolewa mwaka 1947.

Natufanye hesabu. Nyumba moja hupata shilingi 10,000 kwa mwezi, na katika hizo 5,000 huenda kwa chakula. Nyumba ya pili hupata 100,000, na chakula chao ni 25,000. Chakula kikitozwa shilingi 16 katika kila 100, wa kwanza watalipa 800 na wa pili 4,000. Mwenye haraka atasema tajiri ndiye aliyelipa zaidi. Kweli; lakini maskini ametoa 8 katika kila 100 ya pato lake, na tajiri 4 tu.

Kiwango hicho cha 16 ndicho kilichotakiwa kuwekwa juu ya mkate katika Mswada wa Fedha wa Kenya, mwaka 2024. Mkate wa shilingi 65 ungalipanda kwa shilingi 10 na senti 40. Watu walinung'unika sana, shauri la mkate likaondolewa mwezi wa Juni, na baada ya ghasia mswada wote ukaachwa.

Tena kusamehe ni kwa namna mbili, na wengi hawazitambui. Katika namna ya kwanza, mwoka mikate hatozi ushuru, lakini ule alioulipa yeye kwa mashine na makaratasi ya kufungia harudishiwi. Basi huutia katika bei, na mnunuzi huulipa asijue. Katika namna ya pili, iitwayo kiwango cha sifuri, hurudishiwa. Sisi twaipenda hii ya pili, ingawa Serikali ikikawia kurudisha fedha, bei hupanda vile vile.

Wako wasemao: tajiri naye hununua unga, mbona asamehewe? Katika hesabu yetu yeye ameokoa 4,000 na maskini 800. Afadhali vyote vitozwe, na maskini apewe fedha mkononi. Neno hili lina akili. Lakini lataka maskini wote waandikwe, nanyi mkaao vijijini mwajua orodha kama hizo huandikwaje.

Taabu nyingine ni mpaka. Uingereza keki haitozwi, lakini biskuti iliyopakwa chokoleti hutozwa. Hata mwaka 1991 waamuzi walikaa kuamua kama Jaffa Cakes ni keki au ni biskuti. Wakasema ni keki! Kwa hiyo twapendelea orodha fupi: unga, mkate wa kawaida, chumvi, maziwa na dawa. Biskuti za chokoleti na zilipe.