Kibao cha Barabarani na Mahali Alipozaliwa Mtu

(Hotuba iliyosomwa na Katibu Msaidizi mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Katika mkutano uliopita mliafikiana kwamba chama kitoe fedha ili lisimamishwe jiwe lenye maandishi kando ya barabara, karibu na mahali alipozaliwa marehemu mzee wetu aliyetusemea miaka mingi katika mabaraza. Kamati iliniagiza nitafute habari za namna mambo haya yafanywavyo kwingineko. Mfano niliouchagua unatoka mbali, lakini mtaona kwamba umepita hata mlangoni petu.

Katika mji wa Detroit, jimbo la Michigan, Marekani, kando ya barabara ya Fort, pana kibao cha kumkumbuka Ralph Bunche, aliyezaliwa katika mtaa huo. Vibao vya jimbo lile huwa vya kijani na herufi zake rangi ya dhahabu, nayo desturi ya kuvisimamisha ilianza mwaka 1955. Baba yake Bunche alikuwa kinyozi. Mama alifariki mwaka 1917, na mtoto akalelewa na bibi yake, mzaa mama, ambaye mwenyewe alizaliwa utumwani. Kutoka nyumba ya namna hiyo alitokea mtu aliyepata shahada ya udaktari wa elimu ya siasa katika chuo kikuu cha Harvard mwaka 1934. Mwaka 1948 mpatanishi wa Umoja wa Mataifa, Folke Bernadotte, alipouawa Yerusalemu, Bunche ndiye aliyeishika kazi ile. Alikaa na mahasimu katika kisiwa cha Rhodes, akasema na huyu, akarudi kwa yule, hata katika mwaka 1949 mapatano ya kusimamisha vita yakatiwa sahihi kati ya Israeli na Misri, Lebanoni, Yordani na Syria, kila nchi kwa zamu yake. Mwaka 1950 alipewa Zawadi ya Amani ya Nobel, naye alikuwa mtu mweusi wa kwanza kuipata. Alifariki mwaka 1971.

Sasa sikilizeni, wazee. Mtu huyu alipokuwa London mwaka 1937 alijifunza Kiswahili, na mwalimu wake alikuwa Jomo Kenyatta. Mwaka uliofuata alifika Kenya, akakaa miongoni mwa Wakikuyu wa Kiambu, nao wakampa jina la Kariuki, yaani aliyefufuka, kwa kuwa alikuwa mtoto wa Afrika aliyerudi kutoka ng'ambo. Tena hakuja kutembea tu. Mwaka 1939 alichapisha makala juu ya habari ya ardhi katika koloni la Kenya, jambo ambalo wazee waliopo hapa hawahitaji kuelezwa na karani.

Wako wenzetu walioniuliza, kuna haja gani ya kuweka alama mahali ambapo mtu aliondoka angali mdogo? Mzee wetu alikwenda kazi ya reli akiwa kijana, wala hakurudi kukaa mpaka uzeeni. Bunche naye alihama Detroit angali mtoto, akapelekwa New Mexico, kisha Los Angeles. Kwa maoni yangu, miji mingine ilimpata akiwa amekwisha kuanza safari. Watu wa Detroit wana haki ya kusema kwamba alianzia kwao. Mtoto wa kinyozi akipita njia ile leo aweza kusoma hayo.

Lakini kuna jambo lililonitia hofu. Bunche mwenyewe alizoea kuandika kwamba alizaliwa tarehe 7 Agosti, 1904. Waliochunguza maisha yake baadaye waliona kwamba ni 1903. Sherehe za kutimiza miaka mia tangu kuzaliwa kwake zilifanywa kuanzia 2003 hata 2004, na hivyo hakuna aliyekosewa heshima. Sherehe yaweza kunyoshwa namna hiyo. Jiwe haliwezi. Ikiwa mtu mashuhuri kiasi hicho, aliyezaliwa katika mji wenye madaftari, mwaka wake ulileta maneno, je, sisi? Katika kazi yangu nimeandika umri wa wazee wengi kwa kuuliza tu: ulizaliwa kabla ya njaa ipi, rika lako ni lipi, nzige walipokuja ulikuwa umeanza kuchunga? Kisha naandika mwaka, na kalamu yangu huonekana kuwa na hakika kuliko mimi mwenyewe.

Kule Michigan anayetaka kibao hulipa gharama yake, lakini kwanza huleta ushahidi. Sisi tumeanza na fedha. Mwashi amekwisha kupokea arubuni, naye anataka maneno kabla ya mwisho wa mwezi. Huku nyuma mnajua wazi kwamba upande mmoja wa ukoo unasema mzee alizaliwa penye mkuyu, na upande wa pili unasema ni ng'ambo ya kijito, mama yake alipokuwa amekimbilia kwa ndugu zake wakati wa njaa. Alikuwako bibi mmoja aliyejua. Niliagizwa niende kumwuliza, nami nikangoja mvua ipungue na barabara ikauke. Barabara ilipokauka, bibi alikuwa amezikwa siku tisa. Kosa hilo ni langu, na nimeomba liandikwe katika taarifa hii.

Wamebaki wawili wa rika lake, mmoja haoni tena, lakini kumbukumbu yake ni njema. Naomba mkutano umwagize mwashi asubiri, hata kama tutaongeza shilingi kidogo kwa usumbufu wake. Nimekodi gari la Jumamosi, litaondoka hapa saa moja asubuhi. Nafasi ni sita, na ningependa watu watatu kutoka kila upande wa ukoo, ili wasikie pamoja nami. Wanaotaka kwenda wampe Mweka Hazina majina yao kabla hatujaondoka katika ukumbi huu.