Kivuli kilichompa Einstein jina

Mtaje Einstein sokoni Singida, wengi watakwambia: yule wa nywele timutimu. Nadharia yake ya uvutano? Hapo watacheka tu, na si Singida peke yake. Jina hilo lilikuzwa na kupatwa kwa jua, Mei 29, 1919. Wanaastronomia wa Uingereza walipiga picha za nyota kisiwani Príncipe na mjini Sobral, Brazili. Novemba 6 wakatangaza London kwamba mwanga wa nyota hupinda karibu na jua, kama Einstein alivyokokotoa kwa nadharia yake. Magazeti yakamalizia kazi. Kivuli kilekile cha mwezi kilikatiza kusini mwa Tanzania ya leo, na huku kwetu Singida jua likamegwa likielekea kuzama. Walimu wa fizikia, anzeni na picha zile za nyota; nywele baadaye.